Fidia Isingoje Kosa

Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipokuwa ikiua watu kwa maelfu nchini Nigeria, kampuni ya Pfizer ya Marekani iliingia katika hospitali ya maradhi ya kuambukiza ya mji wa Kano, ikaijaribu dawa yake mpya iitwayo Trovan kwa watoto 200, nusu yao wakipewa dawa hiyo na nusu wakipewa nyingine iliyokwisha kuzoeleka. Watoto 11 walifariki, 5 katika kundi la dawa mpya na 6 katika kundi la pili, na wengine wakabaki na vilema. Wazazi walidai kwamba hawakuelezwa kuwa watoto wao wametiwa katika majaribio. Kampuni nayo ilishikilia kwamba waliridhia kwa kauli, na kwamba madhara yote yalitokana na maradhi.

Hapo ndipo penye fundo la shauri hili, kwa kuwa homa ile, hata pasipo dawa yoyote, huacha watu viziwi na viwete, hata tabibu mwenye insafu, akiwekewa mbele yake mtoto mmoja asiyesikia, hawezi kula yamini kuwa uziwi ule umeletwa na dawa wala kuwa haukuletwa nayo. Kumtaka basi mzazi fakiri, asiye na wakili wala maabara, athibitishe jambo lililowashinda mabingwa, ni kumnyima haki yake kwa adabu. Suluhu ilipatikana mwaka 2009, dola milioni 75, na katika hizo milioni 35 zikawa za waathirika. Lakini wadai walitakiwa kwanza wapimwe vinasaba, na familia 4 za mwanzo, zote za waliofiwa, zililipwa dola 175,000 kila moja mwaka 2011, wakati ambapo mtoto aliyesalimika akiwa na miaka 5 alikwisha kutimiza 20. Na katikati ya miaka hiyo ya kungoja, mwaka 2003, Kano iliikataa chanjo ya polio, na kisa cha Trovan kilikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Kwamba fidia isingoje kosa, sisi watu wa pwani tungepaswa kulifahamu jambo hili upesi, maana sheria ya Kiislamu imekwisha kuliamua zamani: aliyeua kwa kukosea, pasina kukusudia, diya humlazimu, wala kadhi hamwulizi kama moyo wake ulikuwa safi, na mzigo wenyewe hauachiwi yeye peke yake bali hubebwa na jamaa zake. Utafiti wa dawa nao ndivyo ungepaswa kuwa. Chanjo ya malaria iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi 7 za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, na faida yake leo ni ya watoto ambao hawakuwahi kutolewa hata tone la damu kwa ajili yake. Ikiwa neema ni ya wote, kwa nini hasara iwe ya mmoja?

Wako watakaosema kwamba bima ipo. Huko London, mwezi Machi 2006, vijana 6 wenye siha kamili, walioahidiwa paundi 2,000 kila mmoja, walitiwa dawa ya TGN1412, na kwa saa chache tu viungo vyao vya ndani vikaanza kushindwa kazi. Bima ilikuwapo, lakini TeGenero, kampuni ya Kijerumani iliyomiliki dawa, ilifilisika mwaka ule ule. Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa kitabibu, tangu 2013 linataka aliyedhurika atibiwe na afidiwe, lakini azimio si hazina.

Matibabu ya bure, ambayo wakubwa wa utafiti huyataja kana kwamba ni ihsani, hayamlipi hamali wa bandarini ujira wa miezi aliyolala kitandani. Kwa hiyo kamati za maadili ya utafiti zisitie sahihi mpaka fedha ya fidia iwe imekwisha kuwekwa mahali ambapo kufilisika kwa kampuni hakuigusi, na mpaka fomu ya ridhaa, anayoitilia mtu dole gumba, imtajie kwa Kiswahili chepesi ofisi ya kwenda kudai, ambayo haitakuwa ya yule yule aliyemdunga sindano.