Jibu la Jana si Jibu la Leo

Kompyuta huaminiwa na wengi kwa kuwa haichoki wala haisahau. Hata hivyo, kompyuta iliyokokotoa sawasawa jana yaweza kumpotosha mtu leo bila kukosea hesabu hata moja. Jambo hili hudhihirika katika programu za kusimamia miradi, nalo lastahili kufundishwa shuleni.

Chukulia ujenzi wa maabara ya shule. Msingi umekadiriwa kuchukua siku 12, kuta siku 20, na paa siku 9. Takwimu hizi tatu huandikwa na mtu. Jumla yake, siku 41, hukokotolewa na programu. Mvua ikichelewesha kuta kwa siku 6, msimamizi huandika 26 mahali pa 20. Jumla yapasa kuwa 47, na kazi ya paa kuanza siku ya 39 badala ya 33. Iwapo programu ingali imeshikilia jibu la awali, seremala ataitwa siku ya 33, atakuta kuta hazijakamilika, naye atadai ujira wa siku 6 alizokaa bure.

Tatizo hili si geni. VisiCalc, programu ya majedwali iliyotolewa Marekani mwaka 1979, ilikokotoa mstari kwa mstari au safu kwa safu. Fomula iliyotegemea kisanduku ambacho zamu yake haijafika ilitumia thamani ya zamani, ikambidi mtumiaji aamuru hesabu irudiwe. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, iliweza kukokotoa kwanza vile vinavyotegemewa, kisha vinavyotegemea.

Lakini kuna jambo gumu zaidi. Thamani kama "siku zilizobaki" hutegemea tarehe ya leo. Kazi ya kukamilika tarehe 30 Novemba ina siku 20 inapohesabiwa tarehe 10. Ikiwa programu hukokotoa upya pale tu mtu anapohariri kumbukumbu, tarehe 15 itaonyesha 20 vilevile, ingawa zimebaki 15. Hakuna aliyegusa kitu. Ni siku tu zilizopita.

Yaweza kuulizwa: kwa nini basi jibu lihifadhiwe? Sababu ipo. Mradi wenye maelfu ya kazi huchukua muda kukokotolewa, na ni rahisi zaidi kutafuta na kupanga majibu yaliyokwisha kuwekwa. Kwa hiyo kuhifadhi si kosa. Kosa ni kuhifadhi jibu bila kuhifadhi wakati lilipopatikana. Yafaa kila jibu lililowekwa liandamane na tarehe ya kukokotolewa kwake. Likokotolewe upya kila chanzo chake kinapobadilika. Na yale yanayotegemea tarehe yafanywe upya kila usiku.

Mwalimu wa hisabati hahitaji mitambo mingi ili kulifundisha hili. Orodha ya alama za darasa yatosha. Alama moja ikisahihishwa, wastani hubadilika, na pamoja nao nafasi za wanafunzi kadhaa. Anayesahihisha alama na kuacha wastani wa zamani huwa amemdhulumu mtoto kwa tarakimu iliyokuwa kweli hapo awali. Mwanafunzi akizoea kuuliza, "Jibu hili ni la lini?", atakuwa amejifunza jambo ambalo kompyuta haiwezi kumfanyia.