Nani Anashika Ufunguo?



Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza: simu ipi ni salama, meseji ipi haisomwi na watu wengine, kompyuta ipi haipati virusi. Leo nitayajibu yote matatu pamoja, maana kwa kweli ni swali moja tu: ufunguo uko mkononi mwa nani? Mimi sina cheti cha kazi hii. Ni mtu apendaye kufungua kompyuta mbovu jioni, kama wengine wapendavyo kucheza bao, na nimezifungua nyingi hata mke wangu amechoka na vyuma mezani. Basi haya ni maoni yangu. Ukitaka kubisha, bisha.

Tuanze na fedha. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo ada ya mtoto aliye shule ya mbali ilipelekwa kwa mkono wa dereva wa basi au wa jirani anayesafiri, na mzazi alikaa na wasiwasi mpaka jibu lije. Siku hizi sanduku la fedha ni simu yenyewe. Lakini tazama jinsi tunavyolitunza! Mzee anafika kwa wakala, anamkabidhi kijana simu, kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti, na watu watano wamepanga foleni nyuma yake. Mzee huyo huyo hawezi hata kidogo kumpa kijana yule ufunguo wa ghala lake la mahindi.

Namba ya siri ya tarakimu nne ina namna elfu kumi za kuandikwa, tangu 0000 hata 9999. Mwizi akibahatisha tu, atapata taabu. Walakini ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, umempunguzia kazi: hawezi kuwa na miaka zaidi ya mia ya kujaribu, na kijijini kila mtu ajua umri wako kwa kukisia. Wala usiweke 1234. Kama macho yako hayaoni vizuri, chagua mtu mmoja wa nyumbani, uliyemlea wewe mwenyewe, akusaidie. Mtu huyo asiwe wakala, hata akiwa mwema kama nini.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Wafunga kioo cha simu kwa namba au kwa kidole, wafikiri umemaliza. Mwizi hana haja na kioo chako. Anachomoa laini, anaitia katika simu nyingine, na sasa meseji zako zote zinakwenda kwake, pamoja na namba za kuthibitisha zinazotumwa kwa meseji. Kwa hiyo laini yenyewe nayo yaweza kuwekewa namba yake ya siri, nayo itaulizwa kila simu inapowashwa. Fanya taratibu: ukikosea mara tatu laini inajifunga, na kuifungua sharti upate namba ndefu iitwayo PUK. Iandike namba hiyo kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya shamba, mahali pasipopotea.

Lakini wizi mwingi hauvunji kufuli lolote. Mwenye nyumba anafungua mwenyewe. Mnaijua ile meseji: ati ile hela itume kwenye namba hii. Mwizi hakujui. Amewatumia watu wengi ujumbe ule ule, naye anangoja yule mmoja ambaye kweli leo alikuwa anataka kumtumia mtu hela. Mama anayengojwa alipe ada ataituma bila kufikiri. Dawa yake ni moja: mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyokuja na meseji. Hapa Tanzania meseji kama hiyo hupelekwa namba 15040 ili mwenye kuituma afuatiliwe.

Tena siku hizi kuna programu za kuiga sauti ya mtu. Waweza kumsikia mwanao akilia kwamba amekamatwa au amepata ajali, kumbe si yeye. Kwangu tumepatana neno la nyumbani, ambalo halijaandikwa popote. Anayeomba fedha kwa haraka huulizwa, kwa mfano, jina la ng'ombe wa babu aliyeuzwa mwaka wa njaa. Asipojua, tunakata simu. Hata mtoto wa darasa la tatu aweza kuulinda ukoo kwa njia hiyo, na haigharimu hata senti moja.

Sasa tuje kwenye meseji. Meseji ya kawaida ni kama karatasi isiyotiwa bahasha. Kampuni ya simu inayoipitisha yaweza kuisoma. Zamani wakubwa walificha barua zao kwa kubadili herufi. Julius Caesar wa Roma alisogeza kila herufi nafasi tatu, naye aliyepokea alijua kuzirudisha. Tatizo lilikuwa hili: ni lazima kwanza mpatane siri ile. Je, mtapatanaje mkiwa mbali, na kila mjumbe aweza kuwa mpelelezi? Watu walihangaika na swali hilo kwa mamia na mamia ya miaka.

Jibu lilitangazwa mwaka 1976 na Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman. Nitakueleza kwa mfano, bila hesabu zake. Wewe uko Sumbawanga, mwanao yuko Dar es Salaam. Mwanao ananunua kufuli nyingi, anazituma kwako zikiwa wazi, lakini ufunguo anabaki nao mwenyewe. Wewe unaandika barua, unaitia katika sanduku, unabana kufuli moja. Basi! Tangu hapo hata wewe uliyeiandika huwezi kulifungua sanduku. Utingo wa basi, polisi wa njiani, mwizi wa stendi, wote waweza kulishika na kulitikisa, lakini atakayelifungua ni mwanao peke yake. Na ufunguo haukusafiri hata hatua moja. Katika simu, kufuli na ufunguo ni namba kubwa sana, nazo hutengenezwa na simu zenyewe.

WhatsApp ilimaliza kutia kufuli za namna hiyo kwa watumiaji wake wote mwezi wa Aprili 2016, na ufundi wake ulitoka kwa watu waliotengeneza Signal. Kwa hiyo maneno unayomwandikia dada yako hayasomwi na kampuni. Lakini bahasha inaonekana: kampuni yajua nani amemwandikia nani, na saa ngapi. Signal yaweka habari chache zaidi. Mwaka huo huo wa 2016 wakuu wa sheria wa Marekani waliidai itoe habari za watu fulani. Ilichokuwa nacho cha kutoa ni siku mtu alipojiandikisha na siku alipoonekana mara ya mwisho. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuipenda. Asiyeweka kitu ghalani haibiwi kitu.

Na Telegram? Vijana wengi huniambia ni salama kuliko zote. Sikubali. Mazungumzo yake ya kawaida hayafungwi kwa namna niliyoeleza. Ufunguo uko kwa kampuni. Yapo mazungumzo ya siri, lakini sharti uyaanzishe mwenyewe, na kwa makundi hayapo kabisa. Kwa hiyo nasema hivi: salamu, picha za harusi na habari za mvua zipite WhatsApp, maana ndugu wote wako huko. Mambo ya ugonjwa, ya mirathi, ya binti aliye taabuni, yapite Signal kama wote wawili mnayo, au mngoje mwonane ana kwa ana.

Tena kufuli lote ni bure ukimpa mtu simu yako dakika mbili tu. Katika WhatsApp kuna mahali paitwapo vifaa vilivyounganishwa. Mtu aweza kuiunganisha WhatsApp yako na kompyuta yake, akurudishie simu kwa tabasamu, na tangu siku hiyo anasoma kila neno akiwa kwake. Fungua mahali hapo leo jioni. Ukikuta kifaa usichokijua, kiondoe. Nayo ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akijiita nani. (Najua kuna waume watakaoniandikia kuuliza kama ni haki kuitazama simu ya mke kwa njia hii. Siwajibu. Waulizeni wake zenu.)

Tumebakiwa na programu kuu ya mashine, ile inayowaka kwanza na kuziongoza nyingine zote. Mafundi huiita mfumo endeshi. Katika simu nyingi za vijijini ni Android, na kiini cha Android ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki huko Finland. Katika kompyuta nyingi za shule na za ofisi ni Windows ya kampuni ya Microsoft.

Kila mfumo una nyufa. Mafundi wanazigundua, wanaziziba, na marekebisho hayo yanakuja kwako kwa jina la apdeti. Watu huyakataa kwa sababu yanakula bando. Sikieni yaliyotokea. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya ufa mmoja wa Windows. Wengi hawakuyatia. Ijumaa ya tarehe 12 Mei, virusi vilivyoitwa WannaCry viliingia kwa ufa ule ule, vikafunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa kila mashine. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 zilipatwa. Uingereza hospitali ziliwarudisha wagonjwa nyumbani, na watu waliokuwa wamepangiwa upasuaji wakaambiwa wangoje. Kwa karibu miezi miwili dawa ilikuwapo.

Sasa Microsoft imeacha kuitunza Windows 10 kwa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Je, zitupwe? Hasha! Mimi hutia Linux, hasa ile iitwayo Linux Mint. Ni ya bure kwa halali, haihitaji namba ya wizi uliyouziwa na fundi wa stendi, na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne yaendelea nayo vizuri. Mwalimu anaandika mitihani yake, watoto wanajifunza kuchapa, barua zinapigwa. Lililo gumu ni kuizoea, na hilo ni suala la majuma mawili.

Mtaniuliza: kitu ambacho kila mtu aweza kuona jinsi kilivyotengenezwa, na yeyote aweza kuleta mkono wake kusaidia, kitakuwaje salama? Swali lenu ni zuri, na nusura lipate jibu baya. Katika Linux kuna programu ndogo ya kubana mafaili, iitwayo xz. Ilitunzwa na mtu mmoja kwa kujitolea, bila mshahara, naye alikuwa amechoka. Akaja msaidizi aliyejiita Jia Tan. Alifanya kazi nzuri kwa adabu zaidi ya miaka miwili, huku watu wengine wakimwandikia mtunzaji barua za kumsukuma amwachie mwingine nafasi. Mwishowe Jia Tan akakabidhiwa funguo. Mwanzoni mwa 2024 akatia ndani mlango wa siri, ambao ungemruhusu kuingia katika kompyuta nyingi mno za dunia.

Aliyemgundua ni Andres Freund, tena mwajiriwa wa Microsoft! Aliona kwamba kuingia katika mashine aliyokuwa akiijaribu kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde tu, wapenzi wasomaji. Mwingine angekunywa chai yake akasahau. Yeye alichimba mpaka akaukuta mlango, akautangaza tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, kabla haujaenea. Hata leo Jia Tan hajulikani hadharani ni nani, kama ni mtu mmoja au ni wengi. Basi uwazi haukumzuia mwizi kuingia, lakini ulimwezesha mtu wa mbali, asiyeombwa na yeyote, kufunua kifuniko na kutazama. Katika programu iliyofichwa angeishia kulalamika kwamba mashine ni nzito.

Neno la mwisho ni kwa wenye simu za zamani ambazo hazipati tena apdeti. Usiitupe, iwe ya redio na picha. Laini ya fedha itie katika kitochi. Vijana watakucheka, lakini kitochi hakipakui michezo, hakifungui viungo vya ajabu, na betri yake hukaa siku nne. Kisha bonyeza *106# uone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda nayo duka la kampuni ya simu juma hili hili, ukiwa na kitambulisho chako mkononi.