JIONI NYUMBANI: Mashua ya zamani imerudi, na safari hii tunaona maji



Mwezi huu sitazungumza juu ya ada ya shule wala juu ya watoto wanaokataa kuchota maji. Nataka kuwaambia habari ya filamu moja. Wengine mtasema: huyu naye, nchi ina taabu nyingi namna hii, anatuletea habari ya sinema! Ngojeni kwanza. Filamu yenyewe inatuhusu kuliko mnavyodhani.

Wale wenye umri wangu wanaijua kwa jina la Kifaransa, L'Odyssée de l'African Queen. Mimi niliiona mara ya kwanza katika miaka ya 1990, kwa kasete ya video, katika sala moja hapa mjini, tumebanana kwenye viti vya mbao. Kasete ilikuwa imechoka. Uso wa Katharine Hepburn ulikuwa wa kijani, Humphrey Bogart alikuwa wa rangi ya matofali, na pembeni picha ilikatwa, hata mtu akizungumza ulimwona pua tu. Juu ya hayo mistari ilipita kama mvua. Tulicheka, tukalia, tukapiga makofi mwishoni. Lakini ziwa hatukuliona. Lilikuwa weupe mtupu kama shuka lililoanikwa.

Sasa shemeji yangu anayekaa Kampala ametuletea DVD ya filamu hiyo iliyosafishwa. Kazi ya kuisafisha ilifanyika mwaka 2009, na mwezi wa Machi 2010 ikatoka kwa kuuzwa. Marekani kwenyewe walikuwa bado hawajaipata kwa DVD ya halali mpaka siku ile. Basi msifikiri ni sisi peke yetu tunaochelewa.

Vijana wataniuliza: picha ya mwaka 1951 inasafishwa namna gani, kwa sabuni? Hapana. Filamu hii ilipigwa kwa kamera ya Technicolor, mashini kubwa na nzito, ambayo ndani yake zilipita tepe tatu kwa wakati mmoja. Kila tepe ilikamata rangi moja: nyekundu, kijani na bluu. Zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe tu. Rangi ilizaliwa pale tatu zote zilipowekwa pamoja. Sasa tepe zikizeeka zinajikunja na kupungua, na hazipungui sawasawa. Ndiyo sababu katika nakala za zamani mtu alionekana ana kivuli chekundu pembeni ya sikio. Mafundi walirudia tepe zile tatu za kwanza kabisa, wakazipitisha katika kompyuta picha kwa picha, wakazilinganisha upya zikae moja juu ya nyingine. Hawakuongeza kitu. Waliondoa uchafu, wakapanga kilichokuwamo.

Basi Jumapili moja jioni tukanunua mafuta ya jenereta, tukafunga mlango, tukakaa. Tulikuwa mimi na mke wangu, mama mkwe, mtoto wetu wa kwanza aliyetoka Mongbwalu kwa mapumziko, wadogo wawili, na binti wa dada yangu ambaye tunamlea. Huyo nitarudi kwake.

Kwa wasioijua, hadithi ni fupi. Ni mwezi wa Septemba 1914, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Kuna misioni ndogo yenye mwalimu wa dini Mwingereza na dada yake, Rose. Vita inafika. Askari wanachoma kijiji na kuchukua watu. Kaka yake anaugua na kufa. Rose anabaki na mtu mmoja tu, Charlie Allnut, fundi mwenye ndevu chafu anayeendesha mashua kuukuu ya moshi, African Queen, ya kupeleka barua na vyombo. Na huyo Charlie ni mtu wa wapi? Ni mtu wa mgodi! Mashua yake imebeba baruti ya kupasulia miamba na chupa ndefu za gesi. Rose, ambaye hajawahi hata kushika usukani, anaamua washuke mto wote, wapite ngome na maporomoko, waende mpaka ziwani kuzamisha meli kubwa ya vita ya Wajerumani. Mwisho sitausema.

Watu wengi hawajui kwamba picha hizi hazikutengenezwa mbali. Mkubwa wa kazi, John Huston, alianza hapa Kongo, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Kisha wakahamia Butiaba. Ninyi mnaofanya biashara ya samaki mnapajua: ni bandari ya Uganda kwenye Ziwa Albert, ng'ambo ya maji yetu. Ukitoka Bunia ukapita Bogoro, ukashuka ule mteremko mpaka Kasenyi, ni kilometa karibu 50; simama pale mchangani utazame mbele. Huko ndiko walikopiga picha, nasi tulikuwa tunaitazama filamu hiyo Bunia kama habari ya nchi ya mbali!

Mama mkwe alikuwa msichana mdogo Kasenyi siku zile. Filamu hakuwahi kuisikia, lakini meli alizijua. Alituambia juu ya Robert Coryndon, meli ya abiria iliyokuwa ikivuka kutoka Butiaba, na namna watoto walivyokimbilia bandarini wakisikia honi. Meli ile iliishia kuzama mwaka 1964, siku za maji kupanda. Alipoona mashua ya Charlie ikitoa moshi akasema, «Ah, ile si meli. Ile ni sufuria.»

Wale wazungu waliteseka sana. Jack Cardiff, mpiga picha, aliugua malaria. Karibu wote waliugua tumbo kwa sababu ya maji ya kunywa, na Hepburn mwenyewe, katika ile picha ya kanisa anapopiga kinanda, alikuwa na ndoo karibu yake ya kutapikia. Walionusurika ni Bogart na Huston, ambao, kama walivyosimulia wenyewe, maji hawakuyagusa, walikunywa wiski tu. (Vijana, nawaona mnavyocheka. Maji yachemshwe, basi.) Jenereta yao iliwekwa juu ya chelezo peke yake, nyuma kabisa, kwa waya mrefu, ili kelele zisiingie katika maneno. Yetu ilikuwa chini ya dirisha.

Mtoto wetu wa Mongbwalu alikuja kwa kututii tu. Yeye anapenda filamu za kupigana. Dakika za kwanza alikuwa anatazama simu. Halafu akaona Charlie anaipiga mashini yake mateke. Rose anamwuliza kwa nini. Charlie anajibu kwamba bisibisi iliangukia ndani, mateke yanazibua, na kuitengeneza angeweza lakini anapenda kuipiga.

Kijana akaweka simu chini. «Papa, ile ni sisi! Motopompe yetu kule kare tunaipigaka vile vile. Kama haijapigwa, haiwake.»

Kutoka hapo hakuinama tena. Ilipofika ile sehemu mashua imegonga mwamba, chuma cha kuzungusha kimepinda na jani moja la feni ya majini limekatika, Charlie anasema basi, kazi imekwisha. Ni Rose anayemwuliza maswali ya mtu asiyejua ufundi: hakiwezi kunyoshwa? Hakiwezi kuunganishwa? Wanachoma makaa ukingoni, wanavuta mivukuto, wanagonga chuma, mchana na usiku. Mtoto wetu alitufafanulia kila kitu mpaka mama yake akamwambia anyamaze kidogo tusikie. Usiku ule alinieleza habari za kazi yake kwa muda mrefu kuliko mwaka mzima uliotangulia. Mimi sikujua hata kwamba yeye ndiye fundi wa pampu. Nilidhani anabeba mchanga.

Juu ya baruti, nilimwambia wazi: ile ya filamu ni ya filamu. Akasema anajua. Nikarudia.

Sasa kuna jambo ambalo halinipendezi, na sitalificha kwa sababu filamu ni nzuri. Watu wa Butiaba wamo ndani, wanaimba kanisani, nyumba zinachomwa mbele yao, lakini hakuna hata mmoja anayepewa neno la maana la kusema. Kuimba kwao kumewekwa kama kichekesho, eti hawajui wimbo. Kijiji kikishaungua, filamu inawaacha na kwenda na wazungu wawili. Walikwenda wapi wale watu? Walilala wapi usiku ule? Filamu haiulizi. Na picha ikiwa safi hivi, unawaona nyuso zao vizuri zaidi, na swali linakuwa kubwa zaidi.

Ndipo nirudi kwa binti wa dada yangu. Yeye alivuka ziwa hili mwezi wa Februari 2018, ana miaka tisa, usiku, katika mtumbwi uliojaa watu, kutoka upande wa Tchomia mpaka Sebagoro. Wasomaji wa Djugu hawahitaji nieleze. Maelfu na maelfu walivuka wiki zile. Alikaa kambini Uganda, baadaye akaja kwetu. Habari ya safari ile hajaisema, nasi hatukumlazimisha.

Nilisahau kabisa ile sehemu ya kijiji kuchomwa. Katika kumbukumbu zangu filamu hii ilikuwa mashua, viboko na kucheka. Moto ulipoanza kuonekana, mwekundu wa kweli sasa, si ule wa matofali wa kasete, mdogo wetu akauliza, «Bale batu beko nachoma manyumba juu ya nini?» Hakuna aliyemjibu. Binti akainuka, akatoka nje. Mke wangu akamfuata. Mimi nilibaki na mkono kwenye rimoti nikijilaumu. Mzazi anatakiwa kutazama kwanza peke yake. Hilo nimeliandika katika ukurasa huu mara ngapi, na mwenyewe sikulifanya.

Nilitaka kuzima. Mama mkwe akanizuia. «Acha iendelee. Atasikia sauti, akitaka atarudi.»

Alirudi wakati wa ule usiku wa matete. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mashua imekwama katika tope na matete, Charlie ana homa, hawana nguvu tena. Rose anasali, sala fupi ya mtu anayejua kwamba anakufa. Wanalala. Kamera inapanda juu polepole, na sisi tunaona kile ambacho wao hawakioni: ziwa liko pale pale karibu, matete machache tu yamewakinga. Halafu mvua inanyesha mbali juu milimani, mto unajaa, maji yanainua mashua bila wao kujua. Katika kasete yetu ya zamani sehemu hii ilikuwa giza tupu. Tulisikia ngurumo tu na kungoja. Sasa unaona kila unyasi.

Binti alikaa chini, karibu na miguu ya koko. Kulipokucha, mashua ikatoka kwenye matete, maji yakafunguka. Na ule upande mwingine, chini ya mawingu, palikuwa na mstari wa bluu.

«Ile ni milima ya kwetu», akasema.

Mimi sikuwa na hakika kama ni milima au ni wingu. Nikataka kumweleza kwamba nusu ya filamu ilipigwa Uingereza, katika studio karibu na London, juu ya kuogopa magonjwa ya maji. Mke wangu alinitazama, nikanyamaza.

«Kila asubui tulikuwa tunaiangalia vile, tuko ngambo», akaendelea. «Mama alikuwa anatuonyesha. Anasema: nyumba iko nyuma ya ile ya tatu.»

Mama mkwe akamwuliza ya tatu kutoka wapi. Wakaanza kuhesabu pamoja na kidole kwenye kioo cha televisheni, yule anayeijua kutoka Kasenyi na yule anayeijua kutoka Sebagoro, wakabishana. Nilirudisha picha nyuma mara nne. Mwisho wa filamu tuliuona siku ya pili, maana mafuta yalikwisha pale pale wanapobishana.

Neno moja kwa wanafunzi wa historia, kabla nafasi haijakwisha. Ile meli ya Wajerumani ya filamu imebuniwa, lakini mwandishi wa kitabu, C. S. Forester, aliyekichapisha mwaka 1935, alichukua mfano wa kweli: Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa gari la moshi kutoka Cape Town mpaka Fungurume, huko Katanga, kisha zikavutwa milimani kwa mashini za moshi na ng'ombe, na watu wetu wakafungua njia na kujenga madaraja. Götzen hawakuizamisha hao. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Ikatolewa majini, ikaitwa Liemba, na mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Wakongo kutoka Kigoma.

Filamu ni ya saa moja na dakika 45. Maneno ni ya Kiingereza. Mkubwa mmoja atafsiri, lakini asitafsiri kila kitu. Tangulieni kutazama peke yenu hizo dakika ishirini za kwanza. DVD yetu kwa sasa iko kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye ameahidi kuirudisha Jumamosi bila mikwaruzo. Binti amekwenda kuitazama huko pia.