MAMBO YA NYUMBANI: Samaki Waliokufa Katika Maji Safi

Mara nyingi katika ukurasa huu tumenena juu ya kuku, na mbuzi, na bustani ya mboga. Mwezi huu twataka kunena juu ya samaki, wala si samaki wa chunguni, bali wale wafugwao nyumbani katika tangi la kioo ili kupendeza macho. Wako waliotuuliza, “Mbona samaki wetu wanakufa, na maji ni safi, na chakula wanapata, wala hawana jeraha?” Swali hili twalijua sana, maana lilitupata sisi wenyewe, na katika kutafuta jibu lake tulimdhulumu mtoto.

Tulikuwa na tangi la lita 60, na ndani yake samaki wa dhahabu 6. Kwa muda wa miezi mitatu walikaa vizuri. Kila wiki tulipunguza maji kidogo, tukaongeza mengine yaliyolala ndooni. Lakini chujio, yaani kile chombo cha umeme kivutacho maji na kuyapitisha katika sponji, hatukuligusa. Ikawa siku moja tukalifungua, tukaiona sponji imejaa utelezi mweusi kama tope la mfereji. Tukaona haya, maana sisi tulijihesabu kuwa watu wa usafi. Tangu siku ile, kila Jumamosi tulimwaga maji yote, tukasugua changarawe, tukaikamua sponji chini ya bomba hata maji yake yakatoka meupe, kisha tukajaza tangi maji mapya kutoka bomba lile lile.

Jumatatu ya kwanza tulimkuta samaki mmoja akielea. Wiki ya pili wakafa wawili, na ya tatu mmoja. Hawakuwa na alama yo yote mwilini. Walisimama tu karibu na uso wa maji, wakipanua vinywa kama watu waliokimbia mbio ndefu, kisha wakalala ubavu. Na maji yenyewe yaling'aa hata mtu angaliweza kusoma gazeti upande wa pili.

Aliyekuwa na kazi ya kuwalisha ni mwana wa mdogo wetu, umri wake miaka 9. Tukamwita, tukamwuliza ametia nini majini: sabuni, au chumvi? Akakana. Tukamwuliza tena kwa sauti kubwa. Akalia, akasema, “Baba mkubwa, samaki hufa tukiisha kuosha.” Tukamwambia asitafute udhuru. Tukamwondolea kazi ile, na kopo la chakula tukaliweka juu ya kabati, mahali asipofikia.

Yuko mzee mmoja, jirani yetu, aliyefuga samaki tangu ujana wake. Tukamwomba aje. Alipofika, kwanza aliuliza kama tunapuliza dawa ya mbu chumbani mle, kwa kuwa nyingi katika dawa hizo huua samaki hata zikianguka majini kidogo sana. Tukasema la. Akauliza, “Na kuosha, mwaosha namna gani?” Tukamweleza yote, tena kwa majivuno. Mzee akanyamaza. Akateka maji kidogo katika kichupa, akatia matone ya dawa ya kupimia, akangoja dakika chache. Maji yasiyo na amonia, alisema, huwa ya manjano. Yetu yaligeuka kijani kama jani changa la mgomba.

Sasa maana ya rangi ile ni hii. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake, kama sisi tutoavyo taka kwa mkojo. Na chakula kisicholiwa kikioza huongeza amonia hiyo hiyo. Mtoni au ziwani huenea ikapotea katika wingi wa maji, bali tangini hubaki. Haionekani kwa macho, nayo huunguza mashavu ya samaki. Walakini viko vijidudu vidogo mno, visivyoonekana ila kwa hadubini, ambavyo huishi kwa amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, maana huiharibu damu ya samaki, ikawa na rangi ya udongo, isiweze kuchukua hewa. Ndipo samaki hutweta juu ya maji ingawa hewa imo. Vijidudu vya namna nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa maji hupunguzwa kila wiki.

Vijidudu hivi havikai sana katika maji yenyewe. Hushika juu ya changarawe, juu ya kioo, na zaidi ya yote ndani ya sponji. Ule utelezi mweusi tulioonea haya ndio uliokuwa makao yao! Tuliukamua ukaenda na maji, na masalio yake yakauawa na klorini, dawa itiwayo katika maji ya bomba ili kuua vijidudu vya maradhi. Klorini hiyo hiyo huunguza mashavu ya samaki. Basi kila Jumamosi tulifanya tangi jipya kabisa. Na tangi jipya huchukua wiki 4 hata 6 kabla vijidudu hawa hawajaongezeka vya kutosha.

Wala tusijilaumu kupita kiasi kwa kutojua. Mnamo 1850 Robert Warington, mtaalamu wa kemia katika mji wa London, alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu wawili pamoja na majani ya majini. Majani yalipooza na maji kuchafuka, akatia konokono wa kula uozo, na mambo yakatengenea. Aliona kwamba chombo chataka kiwe na walaji wa uchafu wake. Lakini vijidudu vyenyewe vya amonia havikutengwa na kujulikana hata Sergei Winogradsky alipofanya kazi hiyo, yapata 1890.

Neno moja kwa wale wafugao samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao husafirishwa mpaka Ulaya na Marekani kwa uzuri wao. Maji ya ziwa lile yana magadi, na kipimo chake cha pH chakaribia 9. Katika maji ya pH 7 yenye joto la kadiri, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki 1 katika 100. Kwa pH 8 ni kama 5. Kwa pH 9 hupita theluthi. Kwa hiyo uchafu ule ule ambao samaki wa dhahabu angeuvumilia, utamwua samaki wa Tanganyika.

Mzee alitupa kipande cha sponji yake chafu, tukakitia ndani ya chujio letu, maana ni mbegu ya vijidudu. Akatuagiza kubadili theluthi ya maji kila siku kwa muda wa wiki moja, na kulisha kidogo sana, siku moja tulishe, siku ya pili tuache. Maji mapya yalale ndooni wazi siku nzima, klorini itoke; lakini pale ambapo maji ya bomba hutiwa kloramini, kulaza hakufai, lazima kununua dawa ya kuiondoa. Na sponji ikiziba, tuisuuze katika maji yaliyotolewa tangini, isipite bombani tena. Juu ya hayo akasema kwamba samaki 6 wa dhahabu katika lita 60 walikuwa wengi mno tangu mwanzo.

Jioni ile tulimwita mtoto mbele ya wote waliosikia tulipomkaripia, tukamwambia kwamba yeye aliona sawa, na sisi tulikosa. Akatazama chini kitambo. Kisha akauliza, “Wale wawili, je, wamekula leo?” Tukamwambia leo si siku ya kula. Tukamshushia kopo, akalichukua, akaenda kuketi nalo mbele ya tangi.

Siku ya 38 matone yalibaki manjano. Aliyepima ni yeye.