Kabla Hatujauza Mbuzi Tukanunua GPS

Mwaka huu sitaandika juu ya nidhamu, wenzangu wameshaandika. Naomba nitoe maoni yangu juu ya kile kidude cha kushika mkononi kiitwacho GPS. Najua kuna watakaocheka. Nchi za nje vidude hivi hutangaziwa wawindaji na wapanda milima. Sisi Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na hapa Garissa milima tutaitoa wapi? Lakini ngamia tunao, na ngamia hupotea.

Wakati wa ukame wa mwaka 2022 mjomba wangu alihamisha ngamia kutoka pande za Balambala mpaka Ijara, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchunga. Binamu yangu wa miaka 14 akatumwa kufuata ngamia watano waliotoka bomani usiku. Simu alikuwa nayo, tena ile ya kupangusa kioo. Asubuhi akasikiliza nyimbo, mchana akapiga picha, jioni simu ikazima. Alilala kichakani, na kesho yake akashinda juani bila maji. Aliyempata ni mzee mmoja hodari wa kufuata nyayo. Alimkuta ameketi ndani ya laga kavu, midomo imepasuka, akiulizwa jina la mamake analitafuta. Wale ngamia nao walikuwa wamerudi bomani wenyewe tangu jana yake!

Toka siku hiyo nyumbani kwetu kuna mabishano. Kaka yangu asema simu nzuri inatosha. Babu asema kijana afunzwe ardhi, aache vyuma. Mjomba yeye anataka kuuza mbuzi anunue GPS.

Kaka yangu si mwongo. Wanafunzi wengi hufikiri ati simu ikikosa mtandao haijui iko wapi. Sivyo. Simu hupokea ishara za setilaiti moja kwa moja, sawa na GPS yenyewe. Setilaiti hizo za Marekani ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na ukizipata nne tu unajua uliposimama. Hakuna salio linalokatwa. Mtandao kazi yake ni kuleta picha ya ramani, na hiyo unaweza kuihifadhi mapema. Taabu ya simu ni moto. Inatumika kwa mambo kumi, na siku ya pili kichakani utaichaji wapi?

Babu naye si mwongo. Anasoma kwato kama mimi ninavyosoma gazeti, na nyota anazijua kwa majina. Lakini elimu yake ni ya ardhi aliyokulia. Ukame ukikusukuma mpaka nchi ya wengine, tambarare tupu, kila mti unafanana na mwenzake. Hata yeye Babu nilimwuliza, akanyamaza.

Kwa hivyo mimi niko upande wa mjomba, ila si kwa kidude anachokitaka. Mwalimu wetu wa Jiografia alipotutoa nyanjani upande wa Bour-Algi, kule kwa twiga, alituachia vidude viwili tuvishike. Cha kwanza kilikuwa cha kupangusa, kina ramani ya rangi, na ndicho cha bei. Saa sita mchana kioo hakikuonekana, na kidole chenye jasho na vumbi kilifungua kila kitu isipokuwa nilichotaka. Na hiyo ramani ya rangi! Ya huku kwetu ilikuwa barabara moja na jina la mji, basi. Kwani tunalipia nini? Cha pili kilikuwa cha vitufe, sura yake kama mulika mwizi, kinatumia betri mbili ndogo, zile za saa ya ukutani. Betri hizo hata duka la mabati kichakani zipo. Mchungaji atie alama bomani na kisimani kabla ya kuondoka, kisha mshale umrudishe. Mshale wa kile cha bei nafuu una kasoro moja: ukisimama unazubaa. Lazima utembee ndipo uonyeshe njia, na asiyejua atasema kimeharibika.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni tarakimu. Mstari wa ikweta unakata kaunti yetu, na mji wa Garissa uko kama digrii 0.45 kusini. Ukipiga simu nyumbani ukasahau kusema kusini, wanaokutafuta wataenda kaskazini, kilomita 100 hivi kutoka ulipo. Tena digrii 0.45 si dakika 45, ni dakika 27. Mwenye kuchanganya hizo mbili amekosea kwa zaidi ya kilomita 30, na kilomita 30 bila maji si mchezo. Na msidhani kidude kitaita watu chenyewe. Vya kutuma ujumbe kwa setilaiti vipo, lakini vinadai ada kila mwezi. Hiki cha kawaida kinakuambia wewe tu. Nyumbani hawajui lolote.

Sasa nani atakishika? Nyumbani wamesema mimi, kwa kuwa nimesoma. Mimi niko darasani kutwa, jamani! Anayefuata ngamia ni binamu yangu, na vyote viwili nilivyoshika havikuwa na Kiswahili wala Kisomali. Hapo ndipo naomba chama chetu. Tuandike karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili chepesi, mwenye kuweza aigeuze Kisomali, ifungwe pamoja na kidude. Nimeshaanza. Nimefika kwenye "mahali ulipotia alama", lakini hilo ni refu mno kwa mtu anayekimbizana na ngamia. Mwenye neno fupi aniletee Kidato cha Tatu.