*VIKAO VYA MTANDAONI: UKIMYA SI KURA YA NDIYO*

*Taarifa ya Tawi kwa wanachama wote*



Tunawaandikia kuhusu kikao chetu cha mtandaoni cha mwezi uliopita. Si kwa lengo la kumsema mtu. Kosa ni letu sisi viongozi, na mwanachama mwenzetu mmoja ameumia kwa kosa hilo.

Mnakumbuka ajenda namba nne: mwanachama asiyelipa ada ya mfuko wa kufa na kuzikana kwa miezi mitatu aondolewe kwenye orodha ya wanufaika. Mwenyekiti akauliza, "Kuna mwenye hoja?" Kimya. Akauliza tena, kimya. Katibu akaandika kwenye muhtasari: "Wajumbe wote waliafiki." Ajenda nzima ilichukua dakika sita.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa tawi letu alifiwa na mumewe. Alikuwa anadaiwa miezi minne, yaani shilingi 20,000. Kwa uamuzi ule akakosa shilingi 400,000 za mfuko aliouchangia kwa miaka. Tulizika kwa kupitisha sahani. Tulipokwenda kumpa pole, alituambia bila hasira kwamba yeye alikuwepo kwenye kikao kile. Bando lilimwishia tukiwa kwenye ajenda ya tatu. Hakujua kilichopitishwa mpaka alipokuja kuomba msaada. Ametupa ruhusa tuyaeleze haya bila kumtaja jina.

Tulirudi kwenye kumbukumbu za kikao na kuzikagua kama mtu anavyokagua daftari la fedha. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Zoom isiyolipiwa hukata kikao baada ya dakika 40. Kikao chetu kilikwenda saa mbili, kwa hiyo tulikatika na kuunganishwa upya mara mbili. Kipindi cha kwanza tulikuwa wajumbe 31. Cha pili 24. Cha tatu 17. Akidi yetu ni nusu ya wajumbe, yaani 26 kati ya 52, nasi tuliihesabu mara moja tu, wakati wa kufungua. Ajenda ya nne ilipitishwa kipindi cha tatu, wakiwepo watu 17. Hakuna mweka hazina anayehesabu fedha asubuhi, kisha akafunga hesabu ya jioni kwa salio lile lile la asubuhi. Sisi tulifanya hivyo kwa watu.

Tukapiga hesabu nyingine. Ukijumlisha dakika za wote waliounganishwa katika vipindi vitatu, tunapata saa 48. Hizo ni siku sita za kazi za mtu mmoja, mbali na gharama ya bando la kila mmoja. Waliofungua midomo ni sita. Na kati ya dakika 120, dakika 50 zilikwenda kwenye bei ya viti vya plastiki.

Jambo hili la viti si letu peke yetu. Mwandishi wa Kiingereza C. Northcote Parkinson alilieleza mwaka 1957 kwa mfano wa kamati inayopitisha kinu cha nyuklia kwa dakika chache, kisha ikakesha kwenye banda la baiskeli. Kinu hakuna anayekielewa, lakini banda kila mtu anaweza kulisemea. Kwetu kinu ni mfuko, na banda ni viti. Mtandao umeongeza tatizo, maana watu wakichoshwa na viti, mfuko unaingia wakiwa wameshaweka simu kando.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nasi tuliamini kwamba tukiwa 31 kwenye simu, neno haliwezi kuharibika. Lakini wengi wanaofaa ni wale wanaosikia na kusema. Mfaransa mmoja, mhandisi wa kilimo aitwaye Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 majaribio ya watu kuvuta kamba, na aliona kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja inavyopungua. Kwenye kikao cha ana kwa ana mwenyekiti humwona aliyelegeza kamba. Kwenye simu haonekani. Jina lake lipo pale, naye yuko jikoni.

Baada ya msiba tumepokea maoni mengi, nasi tunayajibu hapa.

Wapo wanaosema turudi kukutana ofisini na tuache mtandao kabisa. Tunawaelewa. Lakini tawi hili lina vijana wanaofanya kazi Dodoma na Dar es Salaam, na lina ndugu zetu walioko Muscat, ambao saa mbili usiku ya hapa kwao ni saa tatu. Hao ndio wanaotuma ada kwa wakati. Tukifunga mtandao tutakuwa tumewatoa wao ili kuwaingiza wengine. Vikao vya ofisini vitaendelea kila baada ya miezi mitatu, na vya mtandao vitaendelea kati yake.

Wapo wanaosema kila mjumbe awashe kamera ili tumwone. Hapana. Picha inakula bando kuliko sauti, na mwenye bando dogo ndiye atakayetoka kwanza. Tena inachosha. Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 2021 kwamba kukaziwa macho kwa karibu, kujitazama mwenyewe muda wote na kukaa bila kujongea ni baadhi ya sababu za uchovu wa vikao vya video. Kamera itabaki hiari.

Wapo pia wanaosema wanaonyamaza wapigwe faini. Faini itamfanya mtu aseme "naafiki" ili asitozwe. Hatutaki neno la namna hiyo kwenye muhtasari. Anayeuliza vibaya ndiye wa kujirekebisha kwanza, na hapo tunajisema sisi wenyewe.

Kwa hiyo Kamati ya Utendaji imekubaliana utaratibu ufuatao, kuanzia kikao kijacho:

*1. Kikao ni dakika 40, ajenda zisizidi tatu.* Ajenda inayogusa fedha au haki ya mwanachama inatangulia. Mambo ya viti, sare na rangi ya ukuta yatamalizwa na kamati ndogo.

*2. Taarifa zitatumwa siku mbili kabla,* kwa maandishi na kwa sauti, kwa ajili ya wazee wetu na wote wasiopenda kusoma kwenye simu. Kikaoni hatusomi taarifa. Tunaijadili.

*3. Akidi itahesabiwa kabla ya kila uamuzi.* Ikipungua, ajenda inaahirishwa hata kama ni ya haraka.

*4. Kila mjumbe ataitwa kwa jina.* Atajibu moja kati ya matatu: naafiki, napinga, au sijasikia. "Sijasikia" ni jibu halali na halina aibu. Atakayelisema ataelezwa upya. Tumepiga hesabu: sekunde kumi kwa kila jina, kwa watu 31, ni dakika tano na kidogo. Dakika hizo tano zingemwokoa mama yule.

*5. Kutakuwa na mjumbe wa simu.* Kazi yake ni moja: kuangalia nani amekatika na kumpigia kwa simu ya kawaida. Simu hiyo itawekwa sauti ya juu ili aliyekatika asikie na asikike. Kazi hii itafanywa kwa zamu, na viongozi nao wataishika.

*6. Wanaokaa jirani wakae pamoja.* Watu wanne au watano kwenye simu moja, kwa bando moja. Kila mmoja ataitwa kwa jina lake, na kura yake ni yake.

*7. Muhtasari utatumwa ndani ya saa 24.* Kila azimio litakuwa na mtekelezaji na tarehe. Kuna siku tatu za kupinga kilichoandikwa kimakosa. Kidole gumba kwenye kundi hakitahesabiwa kuwa kura.

Kuhusu ajenda ya nne yenyewe: azimio lile halikuwa na akidi, kwa hiyo si azimio. Tumelifuta kwenye daftari. Mama yetu anabaki mwanachama wa mfuko, na shilingi 400,000 zake, baada ya kukata deni la 20,000, tumemkabidhi Jumamosi mbele ya mashahidi wawili. Hoja ya wasiolipa ni ya kweli na itarudi, maana mfuko usiochangiwa hauwezi kuzika mtu. Wanaolipa kila mwezi wana haki ya kuuliza kwa nini wengine hawalipi. Lakini hoja hiyo itajadiliwa na watu wanaosikia, na wadaiwa wakiwa wa kwanza kupewa nafasi ya kusema.

Kwenu wanachama tunaomba jambo moja. Msipoelewa, semeni. Mkikatika, mpigieni mjumbe wa simu. Msikae kimya mkidhani wengine wameelewa, maana huenda nao wanawategemea ninyi. Na mkituona viongozi tunarudia kuuliza "kuna mwenye hoja?" na kupita, tusimamisheni hapo hapo.

Kikao kijacho ni Jumapili, saa mbili kamili usiku. Ajenda ya kwanza ni mfuko. Taarifa itawafikia Ijumaa.

Tafadhali msomee jirani asiye na simu janja.

Imetolewa na:
*Ofisi ya Katibu wa Tawi*
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji