Halali Junju, Jela Heathrow

Hebu nikuulize, wewe unayesoma hii ukiwa umeegemea boda hapo stendi ya Junju, shavu limevimba: hicho unachotafuna ni zao au ni dawa ya kulevya? Usikimbilie kujibu. Inategemea umesimama wapi.

Hapa Kenya ni zao. Sheria ya Mazao ilirekebishwa 2016 ikaitambua miraa, kwa hiyo mkulima wa Maua au Mbeere yuko sawa tu na mwenye mikorosho yake hapa kwetu. Ndiyo maana Mei 2024, Mombasa ilipopiga marufuku muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Rais Ruto alisema amri hizo hazina nguvu, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha. Zile kelele unazikumbuka. Mamangu alishangilia siku mbili, kisha akanyamaza.

Sasa vuka Lungalunga uingie Horohoro. Mti ni ule ule, majani ni yale yale, jina tu limegeuka mirungi, na sheria ya Tanzania inayahesabu kuwa dawa za kulevya.

Kisa cha Uingereza ndicho kinanichekesha na kunikera. Miaka yote hiyo mzigo wa Meru ulikuwa unatua Heathrow mara kadhaa kwa wiki, umefungwa kwa majani ya mgomba, na unalipiwa kodi. Mwaka wa fedha wa 2011/12 ziliingia zaidi ya tani 2,500. Januari 2013 baraza la wataalamu linaloishauri serikali yao likasema ushahidi wa madhara hautoshi, msipige marufuku. Theresa May, waziri wa mambo ya ndani wakati huo, akapiga. Uholanzi ilikuwa imeshafunga mlango, na yeye aliogopa Uingereza isigeuke bohari ya kupitishia mzigo Ulaya. Tangu tarehe 24 Juni 2014 ni dawa ya daraja C: ukipatikana nayo, kifungo kinaweza kufika miaka 2, ukiuza au ukiingiza, hadi miaka 14. Jani halikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni karatasi.

Usinielewe vibaya, sitetei jaba. Niliacha chuo mwaka wa pili, na ingawa siwezi kusema ni muguka ulionitoa, haukunisaidia kuamka saa mbili asubuhi. Nikiona mtoto wa darasa la nane na kikaratasi cha muguka mkononi, naumia. Kaunti ingeanzia hapo, kwa anayemuuzia mtoto, badala ya amri kubwa zinazokufa wiki hiyo hiyo.

Lakini hofu yangu leo ni nyingine. Vijana wangapi wa hapa wanaondoka kwenda kazi za Ghuba? Ajenti atakueleza viza, vipimo, pesa yake kwanza kabisa. Hili la majani hakwambii. Saudia na Imarati haziyataki kabisa, na askari wa uwanja wa ndege hatakusikiliza ukimwambia kwenu yanauzwa kando ya barabara, karibu na viazi karai.

Juzi jamaa wa mtaani alipata safari. Jirani akamletea kifurushi: "Mpelekee ndugu yangu, ni majani ya chai tu." Akaja kwangu, tukafungua. Ilikuwa miraa iliyokaushwa. Mbichi, stimu huisha baada ya siku mbili tatu, ndiyo maana wanaosafirisha mbali kwa siri huikausha. Jamaa akaniuliza, kwa dhati kabisa, "Si hii ni halali?"

Nikamwambia ni halali hadi geti la uwanja wa ndege. Alikiacha kifurushi kwa dadake, akasafiri na begi lake la nguo. Jirani hadi leo hanisalimii.